UZI: "Kama mgodi una sumu, mbona samaki bado wako sokoni?"

1/ Hii sentensi wengi mmeisikia. Juzi nilikuwa nasikiliza mjadala wa mtandaoni kuhusu uchimbaji wa dhahabu huku kwetu magharibi mwa Kenya. Mama mmoja akauliza habari ya mito. Mheshimiwa aliyealikwa akajibu kwa swali: "Kama mgodi una sumu, mbona samaki bado wako sokoni?" Watu wakacheka, msimamizi akaenda kwa swali lingine. Mama hakujibiwa. Basi leo tujaribu kumjibu, polepole.

2/ Kwanza mnijue. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa tatu. Si mtaalamu wa samaki, ila muhula huu nimekuwa nikisoma mambo ya migodi na mito kwa ajili ya karatasi ya darasani. Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitataji chama wala mwanasiasa. Na kuna jambo lazima niseme mapema: nyanya yangu amelea watoto sita kwa kuuza omena na mbuta wa kukaangwa. Mjomba wangu anashuka shimoni Nyatike kutafuta dhahabu. Karo yangu imetoka pande zote mbili. Kwa hivyo mtu asiniambie ati nachukia migodi.

3/ Tuanze na mgodi wenyewe. Tani moja ya mwamba wa dhahabu kwa kawaida huwa na gramu chache tu za dhahabu. Hiyo nyingine yote ni mawe. Mgodi mkubwa huyasaga mpaka yawe kama unga, huyachanganya na maji na kemikali, huchukua madini, halafu hubaki na tope. Watanzania wana neno zuri la hilo tope: topesumu. Huwekwa kwenye bwawa kubwa lenye kuta za udongo au mawe. Mgodi ukifungwa baada ya miaka 15 au 20, wafanyakazi wanaenda nyumbani. Bwawa linabaki.

4/ Sasa sumu yenyewe ni ipi? Hapa ndipo mijadala yetu huharibika, kwa sababu tunasema "sumu" kama ni kitu kimoja. Ziko aina kadhaa na kila moja humdhuru samaki kwa njia yake. Nyingine huua kwa saa chache. Nyingine huchukua miaka na hutaona samaki hata mmoja akielea.

5/ Ya kwanza ni asidi. Miamba mingi ya dhahabu, shaba na makaa ya mawe ina pairiti, lile jiwe linalong'aa hadi watu hudhani ni dhahabu. Likiwa chini ya ardhi halina shida. Ukilichimbua likakutana na hewa na maji ya mvua, linatoa asidi ya salfuriki na chuma, na bakteria huharakisha hiyo kazi. Hiyo asidi ikishuka mtoni huyeyusha madini mengine kwenye mawe, kama shaba, zinki na alumini, na kuyabeba. Mashimo yaliyoachwa yanaweza kutoa asidi kwa miaka mingi sana baada ya mwenye mgodi kuondoka.

6/ Ya pili ni madini mazito kama shaba. Ukienda sokoni, mama muuza samaki hufunua shavu la samaki uone kama matamvua bado ni mekundu, ujue ni freshi. Hayo matamvua ndiyo mapafu ya samaki, na pia ndiyo yanamsaidia kuweka chumvi ya mwili wake sawa. Shaba iliyoyeyuka majini huyashambulia, samaki akapoteza chumvi na kuishiwa nguvu. Alumini nayo huganda juu yake mpaka anakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Kiasi kidogo tu cha shaba pia huharibu uwezo wa samaki kunusa, na samaki asiyenusa hajui adui yuko wapi wala chakula kiko wapi.

7/ Hapa kuna jambo ambalo kila mtu anayefuatilia mijadala anapaswa kulishika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha shaba kwenye maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Samaki na wadudu wa majini wanaweza kudhurika kwa kiwango kilicho chini ya hapo mara mia kadhaa, hasa kwenye maji yasiyo na chokaa nyingi. Kwa hivyo afisa akisimama akasema "maji yamepimwa, ni salama kwa kunywa", anaweza kuwa anasema ukweli mtupu na samaki wanakufa hapo hapo. Muulize: salama kwa nani?

8/ Ya tatu ni sianidi. Migodi mikubwa ya dhahabu huitumia kutenganisha dhahabu na mawe. Sianidi huzuia chembe za mwili kutumia oksijeni, na samaki huihisi haraka kuliko mtu. Uzuri wake, kama naweza kuita uzuri, ni kwamba huvunjika kwa jua na hewa. Haikai mtoni miaka. Inaua sana, halafu inapita.

9/ Ya nne ni zebaki. Hii haitumiwi sana na migodi mikubwa siku hizi, ni ya wachimbaji wadogo kama mjomba. Zebaki ikizama kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huibadilisha kuwa aina inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa shida. Vidudu wanaila, samaki mdogo anakula vidudu, samaki mkubwa anakula mdogo. Kila hatua inaongezeka. Ndiyo maana ukitaka kujua habari ya zebaki unapima mbuta mkubwa, hupimi omena peke yake.

10/ Ya tano ni tope lenyewe, hata lisipokuwa na kemikali. Mto ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, mwanga haufiki chini, mimea ya majini inakufa, wadudu wanafunikwa, na mayai ya samaki yanazikwa kwenye matope kabla ya kuanguliwa. Samaki mkubwa anaweza kuogelea akaenda zake. Yai haliendi popote.

11/ Tuangalie mfano wa karibu. Zambia, tarehe 18 Februari 2025, eneo la Chambishi kwenye ukanda wa shaba. Ukuta wa bwawa la taka za mgodi wa shaba wa kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia ulibomoka. Kampuni ilikadiria lita milioni 50 za maji yenye asidi na madini mazito zilitoka. Zikapitia vijito mpaka Mto Kafue, mto ambao bonde lake linabeba zaidi ya nusu ya Wazambia. Samaki waliokufa walionekana hata kilomita 100 kutoka hapo. Mji wa Kitwe, wenye watu wapatao 700,000, ulifungiwa maji.

12/ Serikali ya Zambia ilituma hadi ndege za jeshi kumwaga chokaa mtoni. Chokaa hupunguza makali ya asidi, hiyo ni kweli na ilikuwa lazima. Lakini fikirini: asidi ikipungua, madini yaliyokuwa yameyeyuka huganda na kuzama. Hayajaondoka. Yako kwenye tope la chini, mahali kambare hulala na wadudu hukaa. Maji ya juu yanarudi kuwa masafi, kamera zinaondoka, na mvuvi anabaki na chini ya mto iliyobadilika.

13/ Halafu ikaja siasa. Kampuni ya Afrika Kusini iliyoajiriwa na mgodi kupima madhara ilisema taka zilizotoka ni nyingi mno kuliko zilizotangazwa, tani milioni 1.5. Mgodi ukakatiza mkataba nayo na kuyakataa matokeo. Sisi tulio mbali hatuwezi kuamua nani yuko sahihi. Tunachoweza kuona ni huu mpangilio: anayeshukiwa kuchafua ndiye analipa mpimaji, na ndiye anaweza kumfuta. Mpangilio kama huo uko nchi nyingi. Hata kwetu, ripoti ya tathmini ya mazingira huandikwa na mtaalamu aliyeidhinishwa na NEMA, lakini anayemlipa ni mwenye mradi.

14/ Mfano wa sianidi ni Romania, mji wa Baia Mare, usiku wa tarehe 30 Januari 2000. Theluji na mvua zilijaza bwawa la mgodi wa dhahabu, ukuta ukapasuka, na takriban lita milioni 100 za maji yenye sianidi zikamwagika. Zikavuka mpaka hadi Hungaria kupitia Mto Tisza, kisha Danube. Hungaria ilihesabu zaidi ya tani 1,000 za samaki waliokufa. Kwa sababu sianidi huvunjika na vijito vya pembeni havikuguswa, samaki walianza kurudi baadaye. Madini mazito yaliyotoka pamoja nayo hayakuwa na haraka hiyo.

15/ Mifano hii miwili ni ya kishindo. Ukuta umeanguka, picha zimepigwa, dunia imeona. Lakini hasara nyingine kwa samaki wa maji baridi huja bila ukuta wowote kuanguka, na hiyo ndiyo mheshimiwa hataiona kwenye soko lake.

16/ Nenda Kanada, bonde la Elk, mkoa wa British Columbia. Huko kuna migodi mikubwa ya makaa ya mawe. Kwenye marundo ya mawe yaliyotupwa, mvua hutoa seleniamu kidogo kidogo hadi mtoni. Samaki mama haonyeshi shida. Anaogelea, anakula, ana mayai. Lakini seleniamu imeingia kwenye kiini cha mayai, na vifaranga huzaliwa na uti wa mgongo uliopinda au hawazaliwi kabisa. Mwaka 2021 kampuni ya Teck Coal ilikiri makosa mahakamani na kutozwa dola milioni 60 za Kanada, kiasi kikubwa kuliko chochote kilichowahi kutozwa chini ya sheria ya uvuvi ya nchi hiyo.

17/ Sasa tunaweza kujibu swali la sokoni. Chukua shule ya msingi. Ukiingia asubuhi gwarideni unaona wanafunzi wakubwa wamejaa, unasema shule iko sawa. Lakini ukienda gredi ya kwanza hakuna mtoto. Gredi ya pili wako watatu. Hiyo shule inakufa, ila itachukua miaka kabla mtu wa barabarani ajue. Samaki wako hivyo. Mayai na vifaranga ndio hudhurika kwanza. Wakubwa wanaendelea kuvuliwa na kuuzwa mpaka siku hawapo.

18/ Huku kwetu kuna samaki anaitwa ningu. Anaishi Ziwa Victoria, lakini mvua ikinyesha hupanda mito kama Kuja, Nzoia na Mara kwenda kutaga. Wazee wanakumbuka alivyokuwa mwingi. Alipungua zamani sana, na sababu kubwa ilikuwa nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito wakati anapanda. Nimemtaja kwa sababu anaonyesha kitu kimoja: samaki wa ziwani anaweza kutegemea mto kwa uzazi. Ukiharibu kilomita chache za mto mahali anapotaga, unamgusa mvuvi wa ziwani ambaye hajawahi kuona mgodi.

19/ Na hilo soko lenyewe? Samaki wa sokoni Migori, Kisumu au Nairobi hatoki mto mmoja. Yuko wa upande wa Uganda. Yuko ngege wa vizimba vilivyowekwa ziwani. Yuko wa barafu kutoka Uchina. Mto mmoja unaweza kukauka samaki kabisa na meza ya nyanya ikaendelea kujaa. Kinachobadilika ni bei anayonunulia na umbali anaoenda. Ukitaka kujua habari ya mto, nenda mtoni.

20/ Hapo nimewapa silaha dhidi ya mheshimiwa. Sasa ngojeni niwape ya upande ule mwingine, kwa sababu wanaharakati wetu nao huwa wanakimbia mbele ya ushahidi. Si kila samaki anayekufa karibu na mgodi ameuawa na mgodi.

21/ Machi 2022, upande wa Tanzania, maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Watu wengi walielekeza kidole kwenye mgodi wa North Mara, na si kwa bahati tu. Mei 2019 mamlaka ya mazingira ya huko, NEMC, ilikuwa imeutoza huo mgodi shilingi bilioni 5.6 za Tanzania kwa sababu bwawa lake la topesumu lilikuwa linavuja. Kamati ya serikali iliyoundwa 2022 ikarudi na jibu tofauti: kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza vilimaliza oksijeni majini. Mitandao ikalipuka. Watu wakacheka ng'ombe, wakacheka kamati.

22/ Je, inawezekana kinyesi kiue samaki wa mto mzima? Ndiyo, inawezekana. Upande wetu wa huo mto, ndani ya Maasai Mara, kuna viboko zaidi ya 4,000. Watafiti waliofuatilia madimbwi yao waligundua kwamba mvua kubwa ikisukuma uchafu wa viboko mtoni kwa mpigo, oksijeni hushuka na samaki hufa. Matokeo yalichapishwa 2018. Hapo hakuna mgodi wala kemikali. Sisemi kamati ya 2022 ilikuwa sahihi au ilikosea. Nasema jibu lake halikuwa kichekesho. Kilichokosekana ni imani, na imani ilikuwa imeharibiwa na miaka ya nyuma ya watu kulalamika bila kusikizwa.

23/ Tofauti ya hivi visa viwili hujulikana vipi? Kwa kupima mapema. Oksijeni ikiwa chini sana na samaki walionekana juu wakivuta hewa alfajiri, fikiria uchafu wa kuoza. Kamongo, anayepumua hewa, na kambare, anayeweza kuvuta hewa juu ya maji, watahimili zaidi kuliko wengine. Oksijeni ikiwa sawa lakini maji yana asidi, au matamvua yana shaba au alumini, fikiria mgodi. Wadudu wa chini ya mto wakiwa wametoweka kuanzia mahali fulani kushuka chini, na juu ya hapo wapo, hicho ni kidole kinachoonyesha. Lakini sampuli zichukuliwe saa hizo hizo. Ukienda baada ya wiki moja, mto umeshabeba ushahidi.

24/ Na Ziwa Victoria? Nitawaambia vile nimesoma. Tafiti nyingi zilizochapishwa zimekuta zebaki kwenye nyama ya samaki wa ziwa iko chini ya kiwango kinachotumika sana kimataifa, miligramu 0.5 kwa kilo. Mbuta wakubwa wana zaidi kuliko wadogo, vile tulivyosema kwenye namba 9. Shida kubwa iko kwenye tope na mchanga karibu na mahali dhahabu inasafishwa. Kwa hivyo mtu akiandika "msile samaki wa ziwa, wana zebaki", anamuumiza nyanya yangu bila ushahidi. Na mtu akisema "zebaki si shida", anangoja mpaka itoke kwenye tope ifike kwenye sahani.

25/ Tena, ziwa lina matatizo mengine mazito: uvuvi wa kupita kiasi, nyavu za macho madogo, maji taka ya miji, mbolea ya mashamba, magugu maji. Mbuta mwenyewe aliletwa miaka ya 1950 na akamaliza aina nyingi za fulu. Ukiwa kwenye mjadala utasikia haya yote yakitajwa kama kinga ya mgodi: "Samaki wameisha kwa sababu ya wavuvi." Jibu ni rahisi. Mgonjwa wa malaria akigongwa na pikipiki, malaria haimwondolei mwenye pikipiki kosa. Samaki waliokwisha kupungua ndio hawana nguvu ya kuhimili pigo lingine.

26/ Hoja nyingine maarufu: "Wachimbaji wadogo ndio wanachafua, kampuni kubwa zina teknolojia." Kuna ukweli ndani. Wadogo wanatumia zebaki, hawana mabwawa, na wako wengi. Lakini tofauti ni ukubwa wa kosa moja. Mjomba na wenzake wote wa shimo lao hawawezi kumwaga lita milioni 50 kwa siku moja. Mgodi mkubwa unaweza kwenda miaka kumi bila tatizo, halafu ukuta mmoja ukamaliza mto. Hao wawili wanahitaji sheria tofauti. Tusikubali mmoja atumike kumfunika mwingine.

27/ Na hii: "Mgodi umeleta kazi na barabara." Sawa, umeleta. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Hizo ni pesa na watu wanazihitaji. Lakini hesabu lazima iwe na pande mbili. Kazi za mgodi zinahesabiwa, ziko kwenye ripoti. Kazi za mvuvi, mchuuzi, mwenye kukaanga na mwenye kubeba kwa bodaboda haziko kwenye ripoti yoyote, kwa hivyo zikipotea hakuna anayesema zimepotea. Na nyingi kati ya hizo ni za kina mama.

28/ Sheria inasemaje? Watu wengi hawajui tuko na msingi mzuri. Katiba ya 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani kama haki hiyo imevunjwa au iko hatarini kuvunjwa. Na sasa sikizeni hii: Ibara hiyo hiyo inasema huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu amepata hasara au kuumia. Yaani si lazima ungoje samaki wafe. Ibara ya 35 inakupa haki ya habari, hata zile zilizo mikononi mwa kampuni, kama unazihitaji kulinda haki yako. Sheria ya Madini pia inataka mwenye leseni aweke dhamana ya kurekebisha mazingira.

29/ Je, inafanya kazi? Inafanya, ila polepole mno. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri. Haikuwa kesi ya mgodi wala ya samaki, lakini njia ya sheria ni ile ile. Kesi iliingia mahakamani 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikatengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha. Hesabuni miaka. Mto haungoji hivyo.

30/ Ndiyo maana pigano la maana liko mwanzo, kabla ya mgodi kufunguliwa, na linahusu kitu kisichovutia kabisa: hesabu ya samaki kabla. Kama hakuna aliyehesabu samaki na wadudu wa mto kabla ya mgodi kuanza, baadaye hakuna atakayethibitisha wamepungua. Kampuni itasema "walikuwa wachache tangu zamani", mvuvi atasema "walikuwa wengi", na hakimu hana la kushika. Hakuna anayeshangilia mkutanoni mtu akiahidi kuhesabu wadudu wa mtoni. Lakini bila hiyo, haki zote za namba 28 zinabaki karatasi.

31/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu, wa MCA, ubunge au ugavana, na kuna mgodi au leseni ya kutafuta madini karibu, muulizeni haya:
– Nani alipima mto kabla, na ripoti iko wapi tusome?
– Bwawa la topesumu litakaa juu ya mto gani, na likipasuka maji yatafika kijiji gani kwanza?
– Vipimo vya kila mwezi vitatangazwa wapi, na je, ni vya maji ya kunywa peke yake au pia vya samaki?
– Nani analipa mpimaji, na nani anaweza kumfuta?
– Dhamana ya kurekebisha ni shilingi ngapi, na inashikwa na nani?
– Mgodi ukifungwa, nani atalinda lile bwawa miaka 50 ijayo?

32/ Swali la mwisho si la kubuni. Macalder, huko huko Nyatike, kulikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uliofungwa miaka ya 1960. Waliouendesha waliondoka zamani. Marundo ya mabaki yake yalibaki, na watu wa rika la mjomba wamekulia kando yake. Mjadala tunaoufanya leo kama ni kitu kipya, sisi tulishaachiwa mfano wake mlangoni.

33/ Wikendi iliyopita nilimpigia nyanya simu nikamuuliza lile swali la mheshimiwa: mbona samaki bado wako sokoni? Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, zamani nilikuwa naenda kununua samaki kwa miguu na kurudi kabla ya uji wa watoto. Siku hizi natuma nauli." Mjomba alikuwa hapo karibu, nikamsikia akisema kwa sauti kwamba hiyo nauli ni dhahabu ndiyo inailipa. Wote wawili wana haki ya kusikika. Ila kwenye mjadala ule wa juzi, wote wawili hawakuwepo.

34/ Hapo ndipo nimefika. Ukiwa na swali liweke hapo chini, nitajibu ninachokijua. Kama unaishi karibu na mto wenye mgodi, tuambie umeona nini, bila kutaja jina la mtu. Matusi ya vyama pelekeni kwingine. Uzi ujao: ule mgao wa 70, 20 na 10, na kwa nini ile kumi ya jamii huchukua muda mrefu hivyo kufika kwa jamii.